Namba za Jicho la Kushoto

Naseby, 3 Februari 1991

Mpwa wangu Rewa,

Natumaini hujambo huko Canberra na kwamba unakula. Sisi jua linatuchoma. Nyasi zote zimekauka mpaka mlimani, na Thelma wa mkahawani analalamika kuwa watalii wananunua maji tu, skonzi zinamkaukia kabatini.

Karatasi ya namba za nyota za Januari hii hapa. Ina pengo la wiki tatu, jambo ambalo hujawahi kuliona kwangu. Nilikuwa na shughuli zangu Dunedin, si za kukusumbua nazo.

Sasa tafuta kiti. Ajuza wetu, ile nyota yetu nyekundu, amefifia. Desemba nzima nilimpa sita nukta moja, namba ile ile niliyokuwa nikimpa tangu wewe uko shule ya msingi. Alhamisi nikampa sita nukta tano. Nikajiambia huu uongo, nikaingia ndani, nikanywa chai, nikatoka tena: sita nukta tano. Ijumaa vilevile, na jana vilevile. Na sheria ya nyumba hii unaijua, ukurasa wa jana haufunguliwi mpaka wa leo umeandikwa, kwa hiyo usiniambie nilijishawishi mwenyewe.

(Thelma nimemweleza mara mia kwamba namba ikipanda mwanga umeshuka. Bado alinipa mkono akanipongeza kuwa nyota yangu imepanda daraja.)

Maneno ya kisomi sina. Nilikuwa mpanga sufu miaka thelathini na moja, kazi yangu ilikuwa kutazama na kusema, hii daraja hili, ile daraja lile. Nimetazama na nimesema. Wewe ndiye utakayejua maana yake.

Mjomba wako,
Des


Canberra, 13 Februari 1991

Mjomba Des,

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nimesimama kwenye ngazi. Mara ya pili nilikuwa nimekaa sakafuni.

Unajua ninachokitafuta miaka hii mitatu. Nyota kubwa zikizeeka hazibaki na miili yao. Zinavimba, zinakuwa nyekundu, na ngozi inapeperuka angani. Ajuza peke yake anapoteza kila mwaka uzito wa dunia nzima, pengine dunia tatu, na jinsi anavyoupoteza hatukubaliani. Msimamizi wangu, Dk. Pruett, anasema ni upepo unaovuma polepole bila kukoma. Mimi nimeshika kwamba ni kikohozi: ajuza anakaa kimya miaka na miaka, kisha anakohoa, wingu zima linamtoka, linapoa, linageuka vumbi na kumfunika uso. Namba zako za miaka thelathini na tisa, hasa kumi na mitano ya mwisho ambayo namba haijasogea, ndizo ushahidi wangu wa ukimya. Leo umenitumia kikohozi.

Lakini Mjomba, naogopa. Hakuna mwingine aliyeona. Wale wawili waliokuwa wakimtazama pamoja nawe, mmoja amehamia kaskazini kwenye mvua, mwingine tulimzika mwaka jana. Kipimo chetu cha umeme cha kupimia mwanga kimefunguliwa kwa matengenezo, kiko mezani vipande vipande. Nimebaki na wewe tu.

Kwa hiyo nakuuliza kama ningemwuliza mtu nisiyemjua, usinikasirikie. Je, umebadilisha chochote? Darubini, kioo cha kuchungulia, mahali unapokaa? Na bado unamlinganisha na wale majirani zake wawili wa bluu, yule wa kushoto na yule wa chini? Nijibu upesi. Dk. Pruett anataka kupeleka taarifa kwa wengine wote kabla ya mwisho wa mwezi, na jina litakaloandikwa juu ni langu.

Mpwa wako,
Rewa


Naseby, 22 Februari 1991

Rewa,

Darubini ni ile ile. Kioo ni kile kile. Kiti ni kile kile chenye mguu uliofungwa waya. Majirani ni wale wale wawili, na sijawahi kutumia wengine.

Mengine sina. Huku baridi ya asubuhi imeanza kurudi. Kula vizuri.

Des


Canberra, 5 Machi 1991

Mjomba wangu,

Asante, na samahani kama nilikuudhi. Barua yako ilikuwa fupi nikaona umekunja uso. Lakini ilibidi niulize, na wewe ndiye uliyenifundisha kuuliza.

Taarifa imetoka. Imekwenda Chile, Afrika Kusini, Hawaii, kila mahali wenye darubini wanaposoma barua zao. Leena, mwenzangu wa Finland anayeandika tasnifu kama mimi, ameniachia siku zake tatu kwenye darubini kubwa, Aprili kumi na moja mpaka kumi na tatu. Alizisubiri tangu mwaka jana. Alinipa akicheka, akasema, “Chukua, nyota zangu hazina haraka ya kufa.” Nilitaka kumkumbatia na kumkimbia kwa wakati mmoja.

Hali yangu nitakuambia wewe tu. Silali. Nakula mkate wa kuchoma nimesimama. Kila simu ikilia nadhani ni mtu wa Chile ananiambia, tumemtazama ajuza wenu, mbona mzima? Nikikosea, Mjomba, hakuna atakayenifukuza. Watakuwa wapole kwangu tu, watapunguza sauti nikipita, na upole huo ndio ninaouogopa.

Kwenye kikao cha Jumatatu Dk. Pruett alisema mbele ya watu wote, “Bibi Rewa, unatuomba tuamini jicho moja la mzee mmoja wa Naseby.” Nikamjibu kwamba jicho hilo nalijua tangu nina miaka sita na sijaona likikosea. Wengine walipiga meza. Nilijivuna kwa muda mfupi tu.

Endelea kunitumia namba. Usikose hata siku moja ya mbingu safi.

Rewa


Mkahawa wa Geddes, Naseby
14 Machi 1991

Mwanangu Rewa,

Usishtuke kuona mwandiko wangu, hajafa mtu. Ni mimi Thelma. Nakushukuru kwa kadi ya siku ya kuzaliwa, ingawa hukupaswa kuandika umri nje ya bahasha ambako posta nzima inasoma.

Nakuandikia kuhusu huyu mjomba wako, maana mimi hanisikii na wewe labda atakusikia. Macho yake yanaendelea vizuri, nashukuru. Lile la kulia walilomtoa mtoto wa jicho mwezi wa Januari ni kama la kijana. Nilimpeleka mimi Dunedin na gari langu, nikamrudisha na kitambaa usoni, na siku kilipotolewa akasimama mbele ya mkahawa wangu akaniambia, “Thelma, umepaka lini mlango rangi ya bluu?” Miaka kumi na miwili anaingia kwa mlango ule akiuita wa kijani! Nikamwambia, basi na mimi nitazame vizuri, huenda ulikuwa ukiniona nina sura nyingine.

Tatizo ni la kushoto. Amepangiwa kurudi tarehe nane Aprili. Daktari alimwambia mimi nikiwepo, kwa maneno ya wazi, asicheleweshe hata kidogo, maana lile la kushoto limevimba kwa ndani, na presha ya jicho ikipanda litaharibika moja kwa moja. Sasa naona anasitasita. Kila kukiwa hakuna wingu anatoka na kiti chake, anaziba jicho moja kwa kiganja, anaandika, anaziba la pili, anaandika. Nilimwuliza anamkonyeza nani huko juu. Alinifokea, na Des hajawahi kunifokea. Nyumbani kwake karatasi zimejaa mpaka kwenye kitanda cha marehemu mkewe.

Mwandikie. Mwambie aende hospitali. Wewe ni msomi, atakuogopa.

Nakuwekea mapishi ya ile mikate ya jibini uliyoipenda. Usitie vitunguu vingi.

Thelma Geddes


Canberra, 22 Machi 1991

Mjomba,

Thelma ameniandikia. Usimgombeze, hakujua kuwa ni siri, alidhani ninajua kama ambavyo mtu mwingine yeyote wa familia angejua.

Nilikuuliza. Nilikuandikia kwa kalamu: umebadilisha chochote? Ukanitajia kiti! Ukanitajia mguu wa kiti na waya! Na wakati ule ule ulikuwa na jicho jipya kichwani.

Hebu nikueleze ulichonifanyia, ingawa nadhani unakijua kuliko mimi. Mtoto wa jicho ni wa manjano. Manjano inameza bluu. Majirani wa Ajuza ni wa bluu, kwa hiyo machoni pako walikuwa wakizimika taratibu mwaka hadi mwaka, na yeye, kwa kuwa ni mwekundu, akabaki aking’aa kati yao. Januari wamekutoa ule uchafu, majirani wamewaka, na Ajuza akaonekana ameanguka. Huenda hakukohoa mtu. Au huenda nusu ni jicho lako na nusu ni nyota kweli. Sijui, na dunia nzima ina taarifa yenye jina langu. Leena ameniachia siku zake. Nilimjibu Pruett kwa kiburi mbele ya watu kwa ajili yako.

Nina hasira nawe ambayo sijawahi kuwa nayo na mtu. Nimeandika barua hii mara tatu na hii ndiyo ya adabu.

Sasa sikiliza. Thelma anasema unaziba jicho moja moja. Kama ni kweli, basi jicho la kushoto ndilo kipimo pekee kilichobaki cha jinsi ulivyokuwa ukiona. Wakishalisafisha, namba zako za miaka yote iliyopita haziwezi kusahihishwa na mtu yeyote. Nipe namba za jicho la kushoto na za kulia, za Ajuza na za kila nyota nyekundu uliyo nayo, kila nyota kwa macho yote mawili usiku ule ule. Ikibidi mwombe daktari asubiri kidogo. Wiki mbili, tatu.

Na uniambie ulijua tangu lini.

Rewa


Naseby, 30 Machi 1991

Rewa mpwa wangu,

Nilijua tangu tarehe sita Februari. Barua yangu ya kwanza ilikuwa imeondoka siku mbili kabla. Kitu kiliniingia jicho la kulia, nikachungulia kwa la kushoto, na Ajuza akawa amerudi palepale pa zamani, sita nukta moja. Nilibadilisha jicho mara kumi. Nikaketi pale mpaka umande ukanilowesha suruali.

Nilikusudia kukuandikia asubuhi. Asubuhi nikasema kesho. Halafu ikaja barua yako ya kukaa sakafuni kwa furaha, nikashindwa. Ni woga, sina jina jingine la kuliita.

Nitakuambia jambo ambalo hata mama yako hajui. Nilipoacha kazi mwaka themanini na tatu niliwaambia mgongo umechoka. Mgongo wangu ni mzima. Kwenye banda la Kyeburn, siku ya mwisho ya kukata manyoya, mnunuzi alifungua marobota yangu ya daraja la kwanza. Akatoa sufu, akaishika mbele ya wakataji wote, akaniuliza, “Des, hii nayo unaiita nyeupe?” Mimi naona nyeupe. Wao wote wanaona manjano. Marobota kumi na manne, Rewa. Hakuna aliyecheka. Mmoja alinishika bega akaniambia nenda kapumzike. Nilikwenda nyumbani na nikabaki na nyota tu, nikijiambia nyota hazina mnunuzi. Kwa hiyo uliponiuliza kama nimebadilisha chochote, nilisikia sauti ya yule mtu. Nikakujibu kiti.

Sikuombi unisamehe leo. Nakutumia karatasi. Tangu tarehe saba Februari nimekuwa nikiandika safu mbili, kushoto na kulia. Nilianza na Ajuza, sasa nina nyota nyekundu thelathini, na nataka zifike arobaini na moja, ambazo ndizo zote nilizowahi kuzitazama. Nyingine zinapanda kuchelewa, zinahitaji mwezi mwingine. Kuhusu mwaka manjano ilipoanza, wewe hesabu kutoka Kyeburn kurudi nyuma. Nadhani sabini na sita mambo yalikuwa bado sawa, maana mwaka ule sufu yangu ilipata tuzo.

Daktari nimempigia simu. Tumesogeza mpaka Mei. Hakuna neno.

Mjomba wako anayekuheshimu,
Des


Naseby, 11 Aprili 1991, saa tano asubuhi

Rewa,

Nakuandikia kwenye kaunta kwa haraka, utanisamehe mwandiko.

Jana asubuhi Des hakuja kunywa chai. Nilikwenda kumgongea. Nilimkuta sakafuni jikoni, ametapika, ameshika upande wa kushoto wa kichwa, jicho jekundu kama nyama na gumu kuligusa. Alikuwa hivyo tangu juzi jioni. Tangu juzi! Akaniambia, “Bado nyota nne, Thelma.” Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Gari la wagonjwa lilitoka Ranfurly na sasa yuko Dunedin, wamemfanyia upasuaji wa jicho jana ile ile.

Nilitaka kukupigia simu. Alinishika mkono kwenye machela akaniapisha nisipige mpaka tarehe kumi na nne, kwa sababu uko kwenye darubini leo, kesho na kesho kutwa, na asingependa mikono yako itetemeke. Nimeapa, kwa hiyo naandika barua, kwenye kuandika hakuniapisha. Kama itakufikia imechelewa, usinilaumu mimi.

Kwani alikuwa anasubiri nini? Nilikuomba umwandikie. Barua yako haikufika?

Thelma


Canberra, 14 Aprili 1991

Mjomba wangu mpendwa,

Nimelala saa kumi mfululizo, na nimekula mayai matatu, na sasa nakuandikia wewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kwanza, nilikosea. Jana alasiri nilisimama mbele ya kikao kizima nikasema: hakuna kikohozi, taarifa ya Machi ilikuwa na kasoro, kasoro ni hii, na nimetuma masahihisho kila mahali leo asubuhi. Leena aliketi mbele kabisa makusudi ili niwe na mtu wa kumtazama.

Halafu nikawaonyesha karatasi zako. Nilichukua tofauti ya macho yako mawili, nikaigawa kutoka mwaka sabini na sita mpaka leo kama ulivyosema, nikaiondoa kwenye kila namba uliyoandika. Unajua kilichotokea? Ule mstari ulionyooka miaka kumi na mitano, ule ukimya wangu niliokuwa nauringia, uliinama. Ajuza amekuwa akififia muda wote, kidogo kidogo, wala hajawahi kunyamaza. Yeye akipunguza mwanga kidogo, jicho lako likimwongezea kidogo, na namba ikabaki palepale. Mlikuwa mnazeeka pamoja, Mjomba.

Na darubini kubwa imekubaliana nawe. Vumbi lipo, jingi, lakini si la juzi. Limetandazwa sawasawa, tabaka juu ya tabaka, mpaka mbali sana na nyota. Ni upepo. Pruett alikuwa sahihi na mimi nimebaki na nusu ya tasnifu ya kuchana, na sijali! Pruett mwenyewe aliishika karatasi yako akaisoma safu kwa safu, akaniuliza kama anaweza kukuandikia. Alisema hajawahi kuona mtu akipima kosa lake mwenyewe kwa uangalifu hivyo.

Hasira yangu imekwisha. Karibu yote. Maliza zile nyota zilizobaki kama unaweza, nane au saba hivi, kisha uende ukatolewe huyo mtoto wa jicho na tusimzungumzie tena.

Mpwa wako, mwenye usingizi,
Rewa


Canberra, 21 Aprili 1991

Mjomba Des,

Barua ya Thelma ilifika Alhamisi, siku tatu baada ya simu yake. Najua umepasuliwa jicho mara mbili. Najua la kushoto halitaona tena. Najua daktari amekukataza kusoma kwa wiki tatu ili la kulia litulie, kwa hiyo sauti unayoisikia sasa ni ya Thelma, na ninamshukuru kwa kukusomea.

Barua yangu ya tarehe kumi na nne, ile ya mayai matatu, imekwisha kufika kwako. Nikikumbuka nilivyoandika maliza zile nyota zilizobaki, nataka kuikimbilia njiani niirudishe.

Dk. Pruett amekuandikia, barua yake imo humu. Namba zako zitachapishwa zote, tangu mwaka hamsini na mbili, zilizosahihishwa na zisizosahihishwa, kwa jina lako. Juu ya safu moja kutaandikwa: jicho la kushoto, Februari mpaka Aprili 1991, nyota thelathini na saba. Watu watazitumia nikiwa nimezeeka. Nilidhani kukuambia hivyo kutanipa nafuu na haikunipa.

Ukurasa wa tatu

Nimeanza ukurasa mpya kwa sababu haya hayakai pamoja na yale.

Thelma aliuliza kama barua yake ya Machi ilinifikia. Ilinifikia. Aliniandikia kwa maneno ya wazi kuwa daktari amesema usicheleweshe hata kidogo, kuwa presha ikipanda jicho litaharibika moja kwa moja. Nilisoma. Sikusoma kwa haraka wala sikurukia mstari. Nilisoma, nikaukunja ule ukurasa, nikachukua kalamu nikakuandikia umwombe daktari asubiri wiki mbili, tatu. Sikuutaja ukurasa ule kwako, nikakuacha udhani kuwa sijui.

Nilikukasirikia kwa kuficha. Wewe ulificha aibu yako. Mimi niliificha hatari yako mwenyewe ili nipate safu moja ya namba.

Nilitaka jicho lako, Mjomba. Nikalipata.

Sijui jinsi ya kumaliza barua hii.

Rewa


Mkahawa wa Geddes, Naseby
30 Aprili 1991

Rewa,

Des amerudi nyumbani tangu Jumamosi. Anakula. Amevaa kibandiko cheusi na watoto wa shule wanamfuata wakitaka kukivaa. Usiku bado anashtuka, anapapasa ukuta wa kushoto, anagonga mlango. Nimehamishia meza upande wa pili ili asijiumize.

Barua yako nilimsomea jana baada ya chakula. Ile ya Dk. Pruett alitaka isomwe mara mbili, ya pili polepole. Ya kwako niliisoma mpaka mwisho wa ukurasa wa pili. Nikageuza wa tatu, macho yangu yakatangulia, kama yanavyofanya nikisoma kwa sauti. Nikaukunja.

Akauliza, “Ndiyo basi?”

Nikasema, “Ndiyo basi.”

Akasema, “Amemaliza ghafla.” Kisha akaomba chai.

Mimi sikuwahi kumdanganya Des katika maisha yangu, mwanangu, na nimemdanganya jana kwa ajili yako, na sijui hata kama unastahili. Nitakuwa mkweli: nilikuwa na hasira nikavunja kikombe. Nilikuandikia nikikuomba umsukume aende. Jana usiku sikulala. Asubuhi nikamkuta kibarazani amekaa na karatasi zake, anakusubiri uandike.

Ukurasa ule nimeurudisha kwenye bahasha na bahasha imo kwenye droo ya visu. Sitamsomea, na sitauchoma. Haya si ya mtu kuambiwa kwa mdomo wa mwingine. Utakuja utamwambia wewe, ukiwa umekaa mbele yake, upande wa kulia ambako anakuona.

Basi la kutoka Dunedin linafika Ranfurly Jumanne na Ijumaa, saa nane mchana. Usiniandikie siku utakayokuja. Nitakwenda na gari siku zote mbili.

Thelma Geddes